Kizio cha Mzee

Nyie vijana wa kidato cha tano mna bahati ya kuwa na kitu cha kulalamikia. Juzi nilikuja hapo shuleni kwenye mahafali, nikasikia wawili wenu wakinung'unika kwamba hadubini ni chache na bomba la maabara linatoa maji kwa mapozi. Nilicheka peke yangu mpaka mama aliyekaa jirani yangu akaniangalia vibaya. Mimi niliporipoti hapo, maabara ilikuwa chumba kisicho na kioo hata kimoja dirishani, na kifaa pekee cha fizikia kilikuwa mizani tuliyoazima kwa muuza nyama. Kila sikukuu ilipokaribia alikuja kuichukua, na fizikia ikasimama.

Walimu wenu wameniomba niwaandikie chochote kuhusu shule. Mimi ni Mwalimu Kalinga, Mhehe wa Idodi. Nilifundisha hesabu hapo na kuwa mwalimu wa taaluma mpaka nilipostaafu, na sasa nalima viazi na kugombana na nguruwe wa jirani. Habari za mkuu huyu akaja, mkuu yule akaondoka, zimebandikwa ofisini, kasomeni wenyewe. Mimi nitawaambia habari za mwalimu mmoja wa fizikia na neno moja ambalo hakuweza kulitamka. Bila yeye msingekuwa hapo mnahesabu hadubini.

Jina la kwenye kibao mnalijua. Sisi wa zamani tuliiita Vumbini, kwa sababu kuanzia Agosti mpaka mvua za kwanza huwezi kujua kama soksi za mwanafunzi zilinunuliwa nyeupe au za kahawia. Shule iko pale mji wa Mbeya unapoishia na mashamba kuanza, kwa hiyo nusu ya wanafunzi walitokea upande wa Soweto na nusu upande wa Mbalizi, na kila upande uliamini kwamba wenzao ni wageni tu. Ijumaa walicheza mpira, na refa nilikuwa mimi, maana walikuwa wamesikia kwamba Mhehe hatanii. Madarasa ya kwanza yalijengwa kwa nguvu za wananchi. Wazazi walifyatua tofali, akina mama walisomba maji, na wanaume wenye migongo mizima walibeba mawe ya msingi kutoka korongoni. Madawati yalichelewa, kwa hiyo wale njuka, yaani wanafunzi wapya, wa mwanzo kabisa walikalia tofali zilizobaki.

Niwape na ufundi kidogo, maana baadhi yenu mtakuwa walimu mpende msipende. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Mbeya haina adabu. Kipindi cha kwanza nilikuwa nawatoa wanafunzi nje, nawapanga ukutani upande wa jua, nafundisha aljebra wakiwa wanaota jua kama mijusi. Mtoto anayetetemeka anaitikia "ndiyo, Sir" kwa kila kitu, ukija kusahihisha daftari ndiyo unajua kwamba hakuelewa hata neno. Wakishapata moto ndipo wanaanza kuuliza maswali, hata ya kukera. Nilipenda sana maswali ya kukera.

Ufundi wa pili nilifundishwa na mkuu wetu, Mwalimu Mbilinyi, Mbena mmoja mpole ambaye alikuwa akitembea uwanjani na kwanja mkononi, akiona jani refu analifyeka yeye mwenyewe. Siku moja alinikuta nasahihisha mtihani kwa hasira, kalamu nyekundu inatoboa karatasi. Akavuta kiti.

"Kalinga, watoto wakikosea kila mmoja kivyake, hao hawakusoma," akasema. "Wakikosea wote namna moja, acha kalamu, nenda kamtafute mwalimu. Wamefundishwa."

Neno hilo lilikaa kichwani mpaka siku ya presha.

Kabla ya Madam Atupele kuja, fizikia ilifundishwa na yeyote aliyekutwa hana kipindi. Kuna muhula ilifundishwa na mwalimu wa dini, naye, Mungu ambariki, kila swali gumu alilifunga kwa sala. Kisha akaja huyu binti wa Kinyakyusa kutoka Rungwe, mwembamba, sauti ndogo, ameolewa karibuni na kijana wa Mbalizi. Siku ya kwanza tu aliomba gunia la viazi kutoka jikoni. Akalifunga kamba ya katani, akamwita mwanafunzi mmoja alibebe begani. Kijana akakunja uso. Madam akafungua kamba, akafunga kitenge kilichokunjwa kwa upana, kijana yuleyule, gunia lilelile. Kijana akasema, "Madam, limepungua!" Darasa zima lilipiga kelele kwamba halijapungua hata kiazi kimoja, na hapo ndipo alipogeuka ubaoni akaandika presha ni nini. Nilikuwa nachungulia mlangoni. Mimi mwenyewe nilipata sifuri ya presha nilipokuwa shule, na siku hiyo nilielewa nikiwa nimesimama na chaki mfukoni.

Basi, tukafanya mtihani wa ujirani mwema na shule nyingine za karibu. Mnajua utaratibu, sisi tunasahihisha za kwao, wao wanasahihisha za kwetu. Siku chache baadaye akanipigia simu mwalimu wa shule ya jirani, anacheka mpaka anakohoa.

"Kaka Kalinga, nyie huko Vumbini mna fizikia yenu? Nimeuliza kizio cha presha. Kidato cha tatu kizima wameandika 'Mzee'."

"Wameandika nini?"

"Mzee! Mmoja kaandika presha ni 'Mzee mia nne'. Mwingine kaongeza shikamoo."

Damu ya Kihehe ilipanda. Nilitoka ofisini nikiwa nimeshika fimbo, nimeshaandaa na hotuba. Lakini nusu ya uwanja nikamkumbuka Mbilinyi. Kidato kizima, kosa moja. Nikairudisha fimbo, nikamwita Lusajo, kiranja wa darasa, kijana mtulivu ambaye hakuwahi kudanganya hata pale ambapo ingemsaidia.

"Lusajo, kizio cha presha ni nini?"

"Mzee, Sir."

"Nani kakwambia?"

"Madam, Sir. Kila akifika hapo anasema, 'kizio chake ni kile cha Mzee.' Tukajua ndiyo jina lake. Halafu Sir, si nyie mnasema tusibishane na mwalimu?"

Kizio cha presha, kwa mliosahau, ni paskali. Na baba mkwe wa Madam Atupele, mstaafu mmoja wa reli aliyeishi Mbalizi, aliitwa Mzee Paskali.

Niwaeleze wale mliotoka mbali. Kwa Wanyakyusa wa zamani, na katika nyumba nyingine mpaka leo, mkamwana haonani na baba mkwe wake. Akisikia anakuja, anapisha njia au anajificha. Hawazungumzi, na jina lake halitaji, wala neno linalofanana nalo. Si ugomvi hata kidogo, ni heshima. Kwetu Uheheni mkwe tunamheshimu pia, ila tunamheshimu huku tunamwona. Ndipo nikaelewa jambo lingine lililokuwa linanisumbua. Darasani kulikuwa na kijana aitwaye Paskali, na Madam alikuwa akimwita Mrefu. Kijana huyo alikuwa mfupi kuliko wote.

Nilimfuata Madam maabara. Nilipomwambia habari za mtihani alijifunika uso kwa viganja.

"Mwalimu, nimejaribu," akasema. "Nimefunga mlango nikajaribu peke yangu. Ulimi haufiki. Chuoni nilikuwa naandika tu kwenye karatasi, hakuna aliyeniuliza kwa mdomo."

"Lakini wewe ni msomi, Madam."

"Usomi unahusiana nini? Mzee yule nilipojifungua alikuja na kuni mgongoni, akazitua mbali na nyumba, akakohoa ili nijue zimefika, akaondoka. Hajawahi kuniona uso. Mimi namjua kwa kikohozi na kwa mgongo. Nianze kumtaja taja hapa mbele ya watoto kama namwita dukani?"

Tukakaa tukafikiri kama walimu, na dawa tuliyoipata ilikuwa rahisi. Akifika kwenye neno lile atanyanyua chaki juu, na darasa zima litalitamka kwa niaba yake. Hamjawahi kuona kitu kama kile. Chaki ikipanda, "Paskali!" ilikuwa inasikika mpaka barabarani, na Mrefu naye anasimama kila mara akidhani ameitwa. Kwenye mtihani wa taifa hakuna aliyekosea kizio hicho. Tangu hapo, mimi pia nilianza kunyanyua chaki kwenye fomula ngumu, na nawashauri walimu wote mjaribu.

Ingekuwa imeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha tu. Lakini mwaka uliofuata wazazi walichagua bodi mpya ya shule, na mwenyekiti aliyepita kwa mikono yote alikuwa Mzee Paskali.

Nilikutana na Madam mlangoni mwa ofisi ya mkuu. Alikuwa ameshaomba uhamisho.

Nataka mjue ubaya wa siku zile. Shule yetu ilikuwa imeombewa kidato cha tano cha sayansi. Wakaguzi walikuwa njiani kuja kuangalia maabara na mwalimu, na mwalimu wa fizikia alikuwa mmoja tu. Akiondoka yeye, watoto wetu waliofaulu wangeendelea kupangiwa shule za mbali kama walivyopangiwa kaka zao, na wengi wao, hasa wasichana, wazazi walikuwa wanawaacha nyumbani badala ya kuwasafirisha. Nilikuwa nawaona sokoni Mbalizi wanauza nyanya, vichwa vizuri vile. Iliniuma, na bado inaniuma.

"Madam, usituache," nikamwambia. Sikuona aibu kuomba.

"Mwalimu, mwenyekiti ataingia hapa anapotaka. Nikijificha nyuma ya tangi, wanafunzi wataniona mwalimu wa namna gani? Nisipojificha, nyumbani wataniona mke wa namna gani? Sehemu zote mbili ni zangu."

Alikubali kusubiri mpaka wakaguzi wapite, basi. Wiki zile tuliishi kwa vituko. Bodaboda ya Mzee ikionekana getini, darasa la mwanzo lilianza kukohoa, la pili likapokea, na kikohozi kikamfikia Madam maabara kabla Mzee hajashuka. Akawa anauliza kwa huruma, "Mkuu, hawa watoto mmewapima kifua?"

Mimi nikaona nijifanye mjanja. Siku ya soko nikaenda Mbalizi kumwona. Nilimkuta nje ya nyumba yake anachonga mpini wa jembe.

"Mugonile, Mzee," nikasalimia kwa Kinyakyusa changu cha kuungaunga.

"Kamwene, Mhehe," akajibu kwa Kihehe, akicheka. "Kaa. Leo umekuja bila hasira? Umeziacha nani anazilinda?"

Nikacheka, nikamweleza yote. Nikamwomba alegeze mila kidogo, kwa ajili ya shule tu, mkamwana wake aweze kumwona na kusema naye. Aliacha kuchonga.

"Mwalimu, mawe ya msingi wa darasa lile la kwanza, mengine yalipanda na huu mgongo. Nilisema nikistaafu, kabla sijafa, nikae mbele kwenye mkutano wa shule ile. Nimekaa. Sasa unaniambia mwanangu anateseka kwa sababu yangu." Aliniangalia. "Lakini usiniombe mimi na yeye tuvunje. Nikivunja leo kwa ajili ya shule, kesho vijana watavunja kwa ajili ya simu. Yeye ananiheshimu bila kuchoka, mimi nichoke?"

"Basi tufanyeje, Mzee?"

"Nenda kafundishe hesabu zako," akasema, akaendelea na mpini wake. Niliondoka nikiwa nimenuna njia nzima.

Wakaguzi walikuja asubuhi yenye ukungu. Mkuu alikuwa amewaonya kidato cha nne kwamba atakayefungua mdomo bila kuulizwa atafyeka uwanja mpaka atakapooa. Mwenyekiti wa bodi, kwa utaratibu, alitakiwa kuingia maabara pamoja na wageni. Tulipofika mlangoni, Mzee Paskali akasimama.

"Nyie ingieni," akawaambia wageni. "Mimi nitasikilizia hapa dirishani." Akazunguka, akasimama nje upande wa tangi la maji, ametugeuzia mgongo, koti lake la reli limechanika begani. Wageni wakaangaliana. Ndani, Madam alikuwa amejifunga kitenge begani juu ya koti jeupe, amesimama pembe ambayo dirisha haliioni.

Alianza kwa sauti ndogo. Kisha gunia la viazi likaja, kamba ikaja, kitenge kikaja, na sauti ikakua. Mkaguzi mmoja, bwana mnene wa suti, akajibebesha gunia mwenyewe akasema "alaa!" Mambo yakawa mazuri kabisa. Mimi nilikuwa nimeanza kutabasamu.

"Na kizio chake ni nini, Madam?" yule bwana akauliza.

Madam akachukua chaki, akaandika herufi mbili ubaoni, Pa.

"Hapana, hapana. Nataka nikusikie. Mwanafunzi anasikia, hasomi tu."

Madam akanyanyua chaki juu. Darasa zima likavuta pumzi, likamwangalia Mkuu, likafunga midomo. Lusajo alikuwa anatokwa jasho. Chaki ikabaki juu. Yule bwana akachukua kalamu yake, akainamisha kichwa kutaka kuandika kitu, na mimi nikajua anachotaka kuandika: mwalimu hajui kizio cha presha. Nilitaka kupayuka, lakini mimi ni mwalimu wa hesabu, ningesaidia nini?

Nje ya dirisha mtu akakohoa.

"Paskali!" sauti ikasema, nzito, kama anaitikia mahudhurio. "Kizio chake ni Paskali."

Mkaguzi akageuka. "Nani huyo?"

"Mwenyekiti wa bodi," akasema Mkuu.

"Kumbe anajua fizikia?"

"Anajua hiyo moja," nikasema, na darasa likashindwa kujizuia. Hata yule bwana alicheka bila kujua anacheka nini. Madam alikuwa amegeukia ubao, mabega yanatikisika, na mpaka leo sijui kama alikuwa anacheka au analia. Alipogeuka alikuwa amejifuta, akaendelea na somo.

Mkutano wa bodi ulifuata mchana, kwenye darasa lile la mawe ya Mzee. Uliendeshwa vizuri, ajenda baada ya ajenda, yeye amekaa mbele amenyooka. Tulipofika mengineyo, akasema yeye ana moja. Akavua miwani.

"Naachia kiti hiki leo," akasema. "Mwenyekiti mnaweza kumpata hata hapo sokoni. Yule aliyeko maabara hamtampata. Atembee shule yake bila kusikiliza kikohozi."

Watu walimsihi. Alikataa, akawashukuru, akachukua kofia yake. Ombi la uhamisho likaondolewa wiki ileile. Kidato cha tano tulisubiri, tukasahau, tukakumbushwa, na hatimaye kikaja, na Madam Atupele ndiye aliyewapokea wa kwanza getini akiwa na gunia la viazi.

Lakini siku ile ya mkutano nilikuwa namsindikiza Mzee kwenda barabarani. Tulipopita nyuma ya maabara nilisikia naitwa kwa ndani, polepole. Mzee akatangulia bila kugeuka. Nikasogea dirishani, Madam akaninong'oneza maneno mawili, nikakimbia kumfikia Mzee kabla bodaboda haijafika.

"Anakushukuru," nikamwambia.

"Amesema nini hasa? Usinipunguzie."

"Amesema, 'Ndaga, baba.'"

Mzee alisimama. Alitazama mlima, akatazama viatu vyake, akapiga vumbi la kofia gotini ingawa lilikuwa halipo.

"Sikio langu hili ni bovu, Mwalimu," akasema. "Hebu rudia."

Sikio lake lilikuwa zima kuliko langu. Nikarudia, kwa sauti. Akaitikia kwa kichwa, na bodaboda ilipokuja akamwambia yule kijana asubiri kidogo, akaniomba nirudie tena.